Upande wa Kibla

Ramani ilitandazwa juu ya mkeka, pembe zake zikakandamizwa kwa vikombe vya kahawa, na kwa muda kila mzee aliyeinama kuitazama alisahau kwamba aliyeichora ni Mkristo.

Ilikuwa Ijumaa baada ya sala, uani kwa Mzee Alimasi fundi cherehani. Wazee wa Kiislamu wa mtaa ule, wengi wao wajukuu wa watu wa Maniema, walikuwa wamepata kiwanja kule Naviundu, karibu na mto, na walitaka kujenga hangari moja kubwa ya sherehe. Miaka yote harusi na Maulidi zilifanyika chini ya maturubai, na mvua ya Lubumbashi haina heshima. Bibi harusi wa mwisho alitolewa nje akiwa ameloa chapachapa, wanja umemshukia hadi kidevuni. Wazee wakasema basi, imetosha, sasa tunataka paa.

Na Donat alikuwa amewachorea paa. Alikuwa kijana mrefu mwenye sauti ya taratibu, dessinateur, mchora ramani katika ofisi za kampuni ya madini ya Gécamines, mtoto wa marehemu mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga. Siku hiyo alivaa abacost, suti yake moja ya maana, akapiga magoti kando ya mkeka, akaeleza kwa ncha ya kidole.

"Huku njo ba-papa bataikala. Huku ba-mama. Katikati minaweka claustra, ile matofari ya matundu matundu. Ba-mama bataona bibi harusi, bataona ngoma yote, mais hakuna mwanaume atabaona."

"Eeh! Ule kijana ana akili," mzee mmoja alisema. "Na moshi ya masufuria?"

"Upepo inatokaka upande wa muto, Papa. Jiko minaiweka kule mwisho. Moshi itaenda yake, haitafika ku bageni."

Wazee wakacheka kwa furaha. Mzee Alimasi, ambaye ndiye aliyemleta kijana huyu, alikuwa amevimba kwa fahari. Aliiona kazi yake kwa mara ya kwanza kule Golf, mtaa wa matajiri, alipokwenda kupima mapazia katika villa moja, na binti yake Alima akamshikia utepe wa kupimia. Donat alikuwa bustanini akikagua paillote, banda la nyasi alilowachorea wenye nyumba. Mzee Alimasi akaipenda paillote. Alima akampenda mchoraji. Kila mtu na macho yake.

Sasa Alima alikuwa akizunguka na birika, anamimina kahawa, moyo unamdunda hadi mfuniko wa birika unagongagonga. Hakuthubutu kumtazama Donat. Miezi yote hii walikuwa wakionana kwa kuibia, sokoni, njiani, mara moja hata karibu na chuo cha Kasapa chini ya miti, na nyumbani hakuna aliyejua. Na Mzee Abibu, mwalimu wa Kurani, alikuwa amekwisha kuanza kumtaja mpwa wake wa Kasongo, kijana mtaratibu, mwenye duka, anayetafuta mke.

Ni huyo huyo Mzee Abibu aliyevaa miwani, akainama, akaweka kidole juu kabisa ya ramani.

"Na hii kintu ya hapa juu?"

"Ba-vécé, Papa Abibu. Vyoo. Ya ba-papa na ya ba-mama, zinaachana."

 Mzee Abibu aliigeuza ramani, akaitazama tena, akaigeuza. "Muto iko huku," alisema polepole. "Barabara iko huku. Alors, kibla iko wapi?"

 Mzee mmoja akaacha kunywa, kikombe kikabaki mdomoni.

"Kibla iko hapa!" Mzee Abibu alipiga karatasi kwa kiganja. "Mbele yetu! Tukisimama kusali, vécé! Tukisoma Maulidi, vécé! Tukiinua mikono kuombea bamaarusi, tunaiombea vécé! Alimasi, ulitutafutia fundi ao ulitutafutia mukafiri wa kututukana ku uso?"

Donat alibadilika rangi. 

Na Alima, pale alipokuwa na birika lake, alihisi damu yote imemkimbilia usoni. Kwa sababu alijua. Vile vyoo havikuwekwa na Donat. Viliwekwa na yeye.

Walikuwa wawili tu kiwanjani, jioni moja ya jua la dhahabu. Donat alitaka kujua kila kitu cha desturi zao ili asikosee, na Alima akamwambia: wanawake wakae wapi, viatu viachwe wapi, maji ya udhu yatoke wapi. Alijua kila kitu. Lakini kibla yeye aliijua kwa ukuta. Nyumbani kwao huelekea ukuta wenye saa, basi, tangu utotoni. Pale kiwanjani hapakuwa na ukuta wala saa, palikuwa na nyasi, mto na shingo ya Donat iliyoinama juu ya daftari. Donat alipomwuliza, "Na huku juu tuweke nini?" Alima alikuwa akiitazama ile shingo. Akajibu tu, "Weka vécé, pale iko nafasi." Mapenzi yana mahali pengi pa kumfanya mtu mjinga, lakini huko kwenye choo, jamani!

"Kijana," Mzee Alimasi alisema kwa fedheha. "Nani alikuonesha kile kiwanja? Nani alikuambia uweke vile?"

Hapo ndipo Donat alipoinua macho. Aliyapitisha juu ya kofia za wazee, juu ya vikombe, yakafika kwa Alima, yakatulia. Hayakumlaumu. Yalimtafuta tu.

Alima akatazama birika.

"Ni miye peke yangu, Papa," Donat alisema. "Hakuna muntu alinionesha. Munisamehe."

"Hauna adabu!" Mzee Alimasi alifoka. "Nilikuingiza mu nyumba yangu, nilikutaja mbele ya bazee, na weye unaniletea hii matusi? Kamata karatasi yako. Toka!"

Donat aliokota ramani. Kikombe kimoja kilipinduka, kahawa ikamwagika juu ya paa lake zuri, na hakuna aliyemsaidia kuifuta. Alipita karibu kabisa na Alima, karibu kiasi kwamba angeweza kumgusa mkono. Alima alitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka, na Mzee Abibu akanyoosha kikombe chake kuomba kahawa nyingine. Akammiminia.

* * *

Kesho yake aliaga nyumbani kwamba anakwenda kununua uzi. Miguu ikampeleka Naviundu.

Alimkuta kiwanjani peke yake, aking'oa vigingi alivyokuwa amevipigilia kuonyesha mahali pa nguzo. Alikuwa akiikunja kamba kwenye kiwiko, taratibu, kama mtu anayekusanya vitu vya msiba.

"Donat."

Hakugeuka. "Ungebakia kwenu, Alima. Bantu batakuona na mukafiri."

"Usiseme vile."

"Si miye nilisema."

Alima alisogea, mtandio umemshuka mabegani, hakuupandisha. "Minasikia haya, Donat. Tangu jana sikule, sikulale. Ile kosa ni yangu. Njo miye nilikuambia, weka vécé pale."

"Minajua."

"Sasa juu ya nini haukusema?"

Ndipo alipogeuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na Alima, aliyekuwa amejiandaa kwa hasira, hakuwa amejiandaa kwa macho yale.

"Niseme nini? Eti, Papa Alimasi, ni binti yako alinionesha, tulikuwa babili tu, kule mu majani? Bangekufanya nini?"

"Bangeniua," Alima alinong'ona. "Baba angekufa kwa haya."

"Voilà. Njo maana nilinyamaza."

"Basi unanikasirikia juu ya nini?"

Donat alitupa kigingi chini. "Kosa ya vécé, hiyo ni kintu ya gomme tu, raba ya kufutia. Minakosa kila siku ku kazi, minafuta, minachora tena. Hiyo hainiumize. Hata kelele ya baba yako hainiumize, yeye hakujua. Mais weye ulijua! Nilikuangalia, Alima. Sikutaka useme eti ni weye. Nilitaka uniangalie tu, basi. Niyue kama siko peke yangu mule." Akakiokota kigingi. "Ukaangalia birika."

 Alima angeweza kuvumilia tusi. Angeweza kuvumilia hata kofi. Lakini hilo neno dogo, birika, lilimwingia na kukaa.

"Nilikuwa na woga," alisema mwishowe.

"Miye pia nilikuwa na woga. Nilipiga magoti mbele ya bazee benye sibajue dini yao. Mama yangu aliniuliza juu ya nini abacost ina mavumbi ku magoti na kahawa ku mukono. Nilimudanganya. Nilimuambia nilianguka."

"Nisamehe."

"Minakusamehe. Hiyo haiko kazi ya nguvu." Alisema kwa upole, na upole huo ulimwumiza kuliko yote. "Mais niambie kintu kimoja. Siku moya nitakuya kwenu na ba-oncle bangu, bandugu ya marehemu baba, kukuomba. Batanifukuza, unajua vizuri batanifukuza. Ile siku, weye utaangalia nini?"

 Upepo ulitoka mtoni, ukapita mahali palipotakiwa kuwa na wanawake, ukapita mahali palipotakiwa kuwa na wanaume, na wao wawili wakasimama katikati. Alima alitaka kusema "nitakuangalia weye." Aliogopa kwamba angekuwa anadanganya, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijichukia.

Donat alichomoa karatasi mpya kutoka ndani ya shati. "Nilichora tena. Upatie baba yako. Mwambie muntu aliiacha ku mulango."

Akaweka vigingi begani, akaondoka. Hakugeuka nyuma.

* * *

Alima aliporudi, Mzee Alimasi alikuwa cherehanini. Tangu Ijumaa alikuwa akishona kwa hasira, mishono imepinda, anafumua, anashona tena. Alima aliweka ramani mbele yake, juu ya kitambaa.

Baba yake aliitazama kwa muda mrefu. Vyoo vilikuwa vimeshushwa nyuma kabisa, upande wa barabara, na ukuta mbele yake. Mahali vilipokuwa, sasa palikuwa wazi, palipandwa maua tu, na mshale mdogo umechorwa na kuandikwa KIBLA. Jiko lilibaki pale pale, claustra ilibaki pale pale.

"Alhamdulillahi," Mzee Alimasi alisema chinichini. "Hii sasa njo nyumba ya furaha." Akainua uso. "Nani aliileta?"

Jibu lilikuwa tayari, amepewa bure: muntu aliiacha mlangoni. Lilikuwa jepesi. Lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Ni Donat alinipatia, Baba. Mu mikono yangu."

Mguu wa Mzee Alimasi ulisimama juu ya kanyagio. "Mu mikono yako? Wapi?"

"Kule Naviundu. Na siku ya kwanza pia, tulikuwa naye kule, babili tu. Njo miye nilimuambia aweke vécé pale. Yeye hakukosa. Aliniuliza, nikamujibu bila kuangalia. Kosa yote ni yangu, Baba, na nilinyamaza."

Sasa machozi yalikuwa yanamtiririka. Alipiga magoti sakafuni kati ya vipande vya nguo, akangoja kofi.

Kofi halikuja.  Mzee Alimasi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu, akaivaa tena, kana kwamba anataka kumwona vizuri huyu msichana ni nani.

"Nilimuambia mutoto wa bantu eti hana adabu," alisema hatimaye. "Mbele ya bazee. Nikamufukuza kama imbwa. Kumbe mwenye kukosa adabu alikuwa anapitisha kahawa."

"Baba…"

"Unamupenda?"

Alima alilia tu.

"Sikuuliza machozi. Niliuliza kintu."

"Minamupenda, Baba."

Mzee Alimasi alifumba macho. Alikuwa baba aliyemlea binti huyu peke yake tangu mama yake afariki, na kwa muda ule alionekana mzee kuliko umri wake. "Abibu ataniuliza juu ya mupwa wake," alisema, akiongea na cherehani kuliko na mtu. "Bantu bote bataniuliza." Kisha akasimama, akachukua kofia yake iliyofumwa kwa mkono, ile ya Idi. "Vaa mutandio yako. Twende."

"Wapi?"

"Kwao."

"Na miye pia?"

"Kosa ni ya nani?"

* * *

Mama Jeanne, mama yake Donat, alikuwa uani akipepeta unga wa bukari, yaani ugali, walipofika kwenye kijumba chao katika nyumba za watu wa reli. Alikuwa mjane mnene, mwenye mikono ya nguvu na rozari shingoni. Alimtazama mzee wa kanzu, akamtazama msichana mwenye macho yaliyovimba, akaweka ungo chini.

"Hodi, Mama Donat," Mzee Alimasi alisema. "Nimekuya kuomba musamaha."

"Musamaha ya nini, Papa? Miye sikuyue."

"Mutoto yako hakukuambia?"

"Aliniambia alianguka." Uso wa Mama Jeanne ulianza kubadilika. Mama hajui kila kitu, lakini anajua mwanawe akianguka na akiangushwa. "Donat! Kuya huku!"

Donat alitoka na fulana tu, penseli sikioni. Alipomwona Alima alisimama ghafla mlangoni. Majirani wawili waliokuwa wakianika nguo waliacha kuanika.

Mzee Alimasi alimgeukia binti yake. "Sema."

Alima alitazama mavumbi. Alisikia jirani akinong'ona.  Shingo yake yote ilimsihi ainame, kama Ijumaa, na safari hii hapakuwa na mtu wa kusema uongo kwa ajili yake. Taratibu, akainua kichwa. Alimtazama Donat, usoni, machoni, mbele ya mama yake, mbele ya baba yake mwenyewe, mbele ya zile nguo mbichi na masikio ya majirani.

"Mama, mutoto yako hakuanguka. Bamemufukuza kwetu juu ya kosa yangu. Njo miye nilimuonesha kiwanja vibaya. Bakamutukana mukafiri, aliniangalia, nikanyamaza. Alinifichia haya yangu, akaikamata yeye." Macho hayakuanguka. "Minamupenda, Mama. Na nilimuacha peke yake."

 Donat alikuwa ameshika fremu ya mlango kama mtu anayeogopa kizunguzungu, na macho yake hayakutoka kwa Alima hata mara moja.

Mama Jeanne ndiye aliyesema kwanza, na hakusema kwa upole. "Bamemwita mukafiri? Huyu? Aliyebatizwa na padri, huyu?" Alimgeukia Mzee Alimasi. "Papa, miye sitaki mutoto yangu aache batiso yake juu ya mwanamuke. Minasema mapema."

"Na miye sitaki binti yangu aache Uislamu," Mzee Alimasi alijibu. "Sikuya kwa ile. Nilikuya juu nilimukosea mutoto yako. Donat, mwanangu, unisamehe. Nitasema vile vile mbele ya bazee, Ijumaa, na Abibu atasikia."

 Mzee Alimasi akampa mkono, na kijana akaupokea kwa mikono yote miwili.

Mama Jeanne alivuta kiti cha mbao, akakifuta kwa kitenge chake, akakiweka mbele ya mzee wa kanzu. Kisha akaja akasimama karibu kabisa na Alima, akamchunguza kutoka kichwani hadi miguuni. Alima aliona aibu inamchoma mgongo mzima, lakini alibaki amesimama.

"Weye. Unasikia haya?"

"Minasikia, Mama. Sana."

"Bon. Ikala nayo. Mwanamuke hana haya simuingizake mu nyumba yangu." Akaokota ungo wa unga, akamsukumia kifuani. "Mambo ya ndoa, mambo ya dini, ba-papa na ba-oncle batasema siku ingine, na batagombana. Leo iko bukari tu. Ingia uisonge. Na ukiiharibu, hiyo nayo utaisema mbele ya bantu."